Likizo ya gofu ukitokea Mbeya: Malawi, Copperbelt au milima ya Zimbabwe?

Kutoka Mbeya hadi Arusha kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Hadi Lilongwe ni kama 750, na hadi Mzuzu hazifiki 400. Hata hivyo wachezaji wa huku kwetu wakikaa kupanga safari ya gofu ya nje ya nchi, mazungumzo ni yale yale: Nairobi, Mombasa, na mwenye nazo atataja Dubai. Sina ugomvi na Nairobi. Ila anayeishi Nyanda za Juu Kusini ana viwanja vizuri kabisa nyuma ya Tunduma (mpaka wa Zambia) na Kasumulu (mpaka wa Malawi), na wenzetu wa Dar wengi hata majina yake hawajayasikia.

Ninayemfikiria hapa ni mchezaji wa kawaida wa Mbeya au Iringa. Amejifunzia Mufindi katikati ya chai, handikapu yake (mikwaju ya ziada anayoruhusiwa kulingana na kiwango chake) ni ishirini na kitu, ana gari linalohimili safari na likizo ya wiki moja na nusu hivi. Wa Iringa aongeze zaidi ya kilomita 300 kabla hajafika Mbeya, ndipo hesabu zangu zianze. Kwa mtu huyo nimeweka mezani sehemu tatu: Malawi, Copperbelt (mkoa wa migodi ya shaba) ya Zambia, na milima ya mashariki mwa Zimbabwe. Niseme mapema ninakoegemea, usije ukanisoma mpaka chini ukitafuta uamuzi. Ukienda kwa ajili ya gofu yenyewe, nenda Copperbelt. Ukienda na mke au mume na watoto, nenda Malawi. Zimbabwe ni ya yule aliyeweka akiba na anataka siku chache za kifahari.

Mipaka miwili, tabia mbili

Tunduma ni mlango wa shaba. Malori ya kwenda na kutoka Zambia na Kongo hupanga foleni ndefu, na mwenye gari dogo asiyejua apite upande gani anaweza kupoteza asubuhi nzima kabla hajaliona jengo la uhamiaji. Lala Tunduma au Vwawa, ufike alfajiri. Kasumulu ina utulivu zaidi. Ukishateremka Tukuyu, ukaiacha migomba nyuma na kuingia kwenye joto la Kyela, daraja la mto Songwe linakuvusha, na Karonga iko kama kilomita 50 mbele. Mnyakyusa akifika hapo hajisikii mgeni, maana Kingonde cha Karonga na Kinyakyusa ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili sokoni kinapita.

Nchi zote tatu hazimdai Mtanzania viza. Chukua pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kadi halisi ya gari, na barua ya mwenye gari kama si lako. Bima ni ile kadi ya njano ya COMESA. Ikate kabla ya kufika mpakani, kwa sababu pale mawakala wanaokukimbilia dirishani hupandisha bei wakishaona begi la gofu kwenye kiti cha nyuma. Kote tunaendesha upande wa kushoto kama nyumbani.

Kuhusu fedha: Malawi wanatumia kwacha na Zambia wanatumia kwacha, lakini hazihusiani. Zambia ilikata sifuri tatu Januari 2013, kwa hiyo ukibadilisha shilingi pale Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, ukapewa noti ya Zambia iliyoandikwa maelfu, irudishe hapo hapo. Malawi shida yake ni nyingine. Miaka ya karibuni imekuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na uhaba huo huleta uhaba wa petroli na dizeli. Jaza tangi Kyela, na kila ukikuta kituo chenye mafuta jaza tena hata kama umepungukiwa robo tu.

Copperbelt: mandhari sifuri, gofu tele

Nianze na ubaya wake. Kutoka Mbeya hadi Ndola ni kilomita 1,000 na kidogo, na sehemu kubwa ni msitu wa miombo usiobadilika. Lami ya upande wa Mpika na Serenje imewatesa madereva kwa miaka mingi, na malori ya njia ile hayana simile. Usiku usiendeshe. Gawanya safari mara mbili. Pa kulala pazuri ni Kapishya, chemchemi za maji moto karibu na Shiwa Ng'andu, kati ya Chinsali na Mpika, ambako unaweza kuloweka mgongo uliochoshwa na usukani. TAZARA nayo inaishia huko huko, kwenye stesheni ya New Kapiri Mposhi, lakini kwa safari yenye saa maalum za kuanza mchezo mimi nisingeitegemea ratiba yake.

Ukifika, utaona miji ya migodi: barabara zilizonyooka, vilima vya mabaki ya machimbo, maduka ya vipuri. Hakuna ziwa wala mlima. Kilichopo ni gofu, na sababu ni ya kihistoria. Kampuni za shaba zilipojenga miji hii tangu miaka ya 1920 na 1930, kila mgodi ulikuwa na hospitali yake, shule zake na klabu yake ya michezo. Ndiyo maana leo, ndani ya eneo ambalo ungelitumia kwenda Makambako na kurudi, una Ndola, Nkana iliyoko Kitwe, Nchanga iliyoko Chingola, Roan Antelope iliyoko Luanshya, na Mufulira. Ndola hadi Kitwe ni kilomita 60, Kitwe hadi Chingola kama 50, Ndola hadi Luanshya kama 35. Panga chumba Kitwe, ulale hapo hapo wiki nzima, kila asubuhi uende kiwanja tofauti. Mtu aliyezoea kuendesha siku nzima kutoka kiwanja kimoja hadi kingine hapa kwetu atajiona amefika peponi.

Cha Ndola kina mashimo 18 na kitu ambacho hutakisahau: vichuguu. Si vile vya kufikia magotini. Vichuguu vya mchwa vya Copperbelt huinuka mita kadhaa, vingine vimeota miti mikubwa juu yake, na ndani ya kiwanja vimeachwa visimame kama vilivyokuwa. Udongo wake mkavu ni mgumu kama saruji. Mpira ukikigonga kwa mbele unaweza kukurudia mpaka ulipopigia. Ukikigonga ubavuni unaruka kwenda kusikojulikana. Anayekuja mara ya kwanza hujaribu kupita juu, kwa sababu kwa macho kichuguu kinaonekana kifupi. Kedi (mbeba fimbo) wa pale atakuonyesha pembeni, mahali pasipo na maana yoyote kwako, akuambie piga huko. Mtii. Ukiwa na mkwaju mmoja tu wa uhakika, uwe ule wa chini unaotambaa.

Nchanga ndicho kiwanja ambacho ningekuwekea siku mbili. Kina mashimo 18 na miti iliyokomaa inayozibana feawei (njia za nyasi fupi za kupigia mpira), kwa hiyo hakimpendelei mwenye nguvu, kinampendelea anayenyoosha mpira. Sisi wa viwanja vidogo tuna tabia ya kuvuta fimbo kubwa kila tunaposimama kwenye tii, pale shimo linapoanzia, kwa kuwa nyumbani hata ukipotoka unaokota mpira kwenye majani ya chai na kuendelea. Nchanga tabia hiyo inakugharimu shimo hadi shimo. Nje ya mji kuna shimo la wazi la Nchanga, moja ya machimbo makubwa ya shaba ya aina hiyo duniani, na magharibi ya Chingola, mwendo wa zaidi ya saa moja, kuna hifadhi ya sokwe ya Chimfunshi. Mwenzako asiyecheza gofu ana pa kwenda siku moja. Siku ya pili atakuuliza mnarudi lini.

Nkana ya Kitwe imewahi kuandaa Zambia Open katika mzunguko wa Sunshine wa Afrika Kusini, kwa hiyo unapiga kwenye griini (zile nyasi laini zenye tundu) zilizopigwa na watu wanaoishi kwa mchezo huu. Roan Antelope na Mufulira ningeziweka mwisho wa orodha, tena baada ya kuuliza hali yake wiki hiyo. Migodi ilipoanza kubinafsishwa mwaka 1997, klabu nyingi zilimpoteza mlezi aliyekuwa akilipia maji na mashine za kukatia nyasi, na si zote zilizopata mwingine. Luanshya hata hivyo ina hadithi nzuri. Mgodi wake unasemekana ulipata jina mwaka 1902, pale mtafiti William Collier alipomwangusha korongo, yule mnyama wa jamii ya swala ambaye kwa Kiingereza ni roan antelope, na kichwa chake kikalala juu ya jiwe lenye rangi ya kijani ya shaba.

Jambo jingine linaloipa Copperbelt uzito ni watu wake. Zambia gofu si mchezo wa wageni waliobaki. Rais wa kwanza, Kenneth Kaunda, alikuwa mchezaji na Ikulu ya Lusaka ina kiwanja chake. Mwaka 2006 Madalitso Muthiya alicheza US Open, Mzambia wa kwanza kufika hapo. Kwenye klabu hizi utapangwa na mwalimu, fundi wa mgodi, mwenye duka. Nao wanacheza kwa kuweka chochote, hata soda, na hawakuonei huruma kwa sababu umetoka mbali.

Ukiwa na mchana mtupu Ndola, kuna kumbukumbu ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na mji huo mwaka 1961. Na mjini kuna mti wa kale, mupapa kwao na mkongo kwetu, ambao chini yake wafanyabiashara wa Kiswahili walifanya biashara ya watumwa. Kwa sisi tunaojivunia kwamba lugha yetu ilisafiri mbali, ni vizuri kuona pia ilisafiri na nini.

Malawi: viwanja vidogo, safari kubwa

Malawi ni kinyume chake. Viwanja vingi ni vya mashimo tisa, vimetawanyika kutoka kaskazini hadi kusini, na ukivihesabu kama gofu tupu havifui dafu mbele ya Nchanga. Lakini safari yenyewe ni likizo. Kutoka Karonga barabara inafuata Ziwa Nyasa (kule ukisema Ziwa Malawi utaeleweka haraka zaidi), kisha inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona za Chiweta zinazomfanya dereva wa Kitonga aache kujisifu. Unatokea Mzuzu, mji wa baridi wenye kiwanja kidogo cha kunyooshea viungo.

Hapo una njia mbili. Ya juu inakupeleka Lilongwe, kilomita 350 na ushei, kwenye kiwanja cha mashimo 18 karibu kabisa na katikati ya mji. Ni kiwanja cha heshima, tambarare, na sina la ziada la kusema juu yake. Ya chini inateremka Nkhata Bay na kufuata ufuko hadi Dwangwa, kwenye mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya Illovo, ambako klabu ya Kasasa ina kiwanja chake. Chukua ya chini. Watoto wataogelea, utakula chambo (samaki wa ziwa hilo) wa kuchoma na nsima, ambayo ni ugali wetu uliosongwa laini zaidi, na gofu itakuwa ya asubuhi kabla jua halijawaka.

Kusini ndiko penye hazina. Blantyre Sports Club ilianzishwa mwaka 1896, na kucheza katikati ya jiji huku daladala zao zinapiga honi ng'ambo ya miti kuna raha yake. Zomba, makao makuu ya nchi hadi 1975, ina kiwanja cha zamani chini ya mlima na hali ya mji uliostaafu. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nitachagua viwili visivyofanana hata kidogo, Mulanje na Nchalo.

Mulanje iko kama kilomita 70 mashariki mwa Blantyre. Chai imezunguka pande zote, tena chai ya kale iliyoanza kupandwa kibiashara miaka ya 1890, na juu yake unasimama mlima wa mawe matupu ambao kilele chake, Sapitwa, kina mita 3,002. Mtu wa Mufindi akitazama chini atadhani hajaondoka nyumbani: kijani kile kile, wachumaji na vikapu vyao, harufu ile ile ya kiwandani. Akiinua macho ndipo anajua yuko ugenini. Wana pia ukungu wao wa manyunyu, wanauita chiperoni, unaoingia kutoka upande wa Msumbiji kati ya Mei na Agosti na unaweza kukaa siku kadhaa. Sisi tunaocheza Mufindi kwa kusikiliza mpira ulikoangukia tunauweza. Wengine wabebe sweta na wasiahidi watoto picha za mlima.

Nchalo ni dunia nyingine. Unateremka kutoka Blantyre hadi Bonde la Shire ya Chini, usawa usiofika mita 100 juu ya bahari, kwenye shamba jingine la miwa la Illovo, na kiwanja kiko kando ya mto Shire wenye viboko na mamba. Kiboko hula nyasi usiku, na nyasi fupi zilizomwagiliwa za kiwanja cha gofu ni futari kwake. Asubuhi unakuta alama za miguu zenye vidole vinne, mpira wako umekaa ndani ya moja, na kinyesi kimetapakaa alivyokirusha kwa mkia. Kanuni ya kwanza hapo haihusu mikwaju: mpira uliobingiria ukingoni mwa maji si wako tena. Hata kedi hatausogelea, na ukimwona amesimama ghafla na kunyamaza, simama pia. Oktoba na Novemba joto hupita nyuzi 40, usiende.

Kusini mwa Malawi kulipigwa vibaya na kimbunga Freddy Machi 2023, Mulanje na Chikwawa, wilaya yenye Nchalo, zikiwemo. Kila msimu wa mvua barabara na madaraja ya upande huo huwa na habari mpya, basi uliza kabla ya kuondoka Lilongwe.

Zimbabwe, kwa kifupi

Kwa gari kutoka Mbeya ni mbali mno, na njia ya kupitia Tete nchini Msumbiji haina starehe. Panda ndege Songwe, unganisha Dar, shukia Harare, kisha ni kilomita 265 hivi hadi Mutare. Juu ya Mutare, kwenye milima ya Vumba, kuna Leopard Rock: hoteli iliyojengwa kama kasri na kiwanja cha mashimo 18 kilichosanifiwa na Peter Matkovich, chenye miteremko mikali na msitu wa ukungu pembeni. Kwa uzuri wa macho hakuna kinachokifikia kati ya vyote nilivyotaja. Nyanga, kaskazini yake, kuna Troutbeck yenye kiwanja cha mashimo tisa kando ya bwawa la samaki, na ukumbini moto wa kuni ambao wenyeji wanasema haujazimika tangu 1951. Mtu wa Njombe atauelewa moto huo mara moja.

Gharama ndiyo inayoamua hapa. Nauli za ndege, dola za Marekani kwa kila kitu, na mwishowe umecheza viwanja viwili. Kwa fedha hiyo hiyo unakaa Kitwe mpaka uchoke.

Mpira wenyewe unaruka vipi

Hili watu husahau kulinganisha. Mufindi tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda. Copperbelt ni mita 1,200 hadi 1,400, kwa hiyo tofauti ipo lakini ndogo. Utaizoea baada ya mashimo machache. Nchalo na Dwangwa ndiko utakakojiuliza nguvu zimekwenda wapi. Pale ulipozoea fimbo namba nane, chukua namba saba bila aibu, na kama upepo wa ziwa unakuja usoni, sita. Anayefanya safari yote ya Malawi anaanza Mzuzu kwenye baridi, anashuka ziwani, anapanda Zomba, anashuka Shire. Handikapu yake itayumba kila siku, na hiyo ni sababu moja ninayowashauri wanaotaka kupima kiwango chao waende Copperbelt, mahali ambapo urefu wa usawa haubadiliki sana.

Msimu karibu ni ule ule wetu. Mvua ni Novemba hadi Aprili. Mei na mwanzoni mwa Juni nyasi bado zina kijani na ardhi imekauka kiasi. Huo ndio wakati wangu kwa nchi zote tatu, isipokuwa kwamba Mulanje utabahatisha na chiperoni. Agosti na Septemba hakuna mvua, lakini klabu isiyo na maji ya kutosha inabaki na griini tu, feawei zimekuwa rangi ya chapati na mpira unabingiria mara mbili ya kawaida. Wengine hupenda hivyo. Inapendeza kuandika kwenye kadi, si zaidi.

Beba mipira ya kutosha, kwa sababu madukani ni adimu na kedi watakuuzia ile waliyoiokota jana, huenda ikiwemo yako. Shati liwe na kola, viatu viwe vya meno laini. Omba katibu wa klabu yako akuandikie barua yenye handikapu yako. Klabu nyingi za ukanda huu zinamheshimu mgeni aliyekuja na barua kuliko aliyekuja na gari kubwa, na ada ya mgeni inaweza kulegezwa. Halafu piga simu klabu unayokwenda, uulize siku za mashindano ya wanachama. Jumamosi nyingi kiwanja kinafungwa kwa wageni hadi mchana, au, ukibahatika na ukaomba vizuri, wanakuingiza kwenye kundi lililopungukiwa mtu mmoja. Kwa Copperbelt hiyo ndiyo siku ya kuitafuta, siyo ya kuikwepa.